Kompyuta mpakato ya kuchezea The Sims: niliyonunua kwanza na niliyopaswa kununua

Kosa langu la kwanza halikuwa la kiufundi. Nilipoingia katika duka moja hapa Moshi, na muuzaji akaniuliza kwa adabu, "Dada, mashine unaitaka kwa kazi gani?", nilimjibu kwamba naitaka kwa kazi za ofisi, kuandika barua na kufanyia mahesabu kidogo. Ukweli ni kwamba mahesabu nayafanya kazini, kwenye kompyuta ya mwajiri, na nilichokuwa nakitafuta ni mashine ya kuchezea The Sims 4 jioni baada ya kula. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nasimamia fedha za watu, na sikuona ningewezaje kutamka mbele ya vijana watatu walioegemea kaunta kwamba nataka mashine ya kujengea nyumba za kufikirika na kuozesha watu wasiokuwepo. Muuzaji akaniuzia kile nilichokiomba, na kwa hilo simlaumu sana, ingawa aliposikia baadaye kwamba inakwama alinijibu kwa mkato kuliko nilivyostahili.

Mashine yenyewe ilikuwa mpya, ndani ya boksi, nyembamba, ya rangi ya fedha, na iligharimu shilingi 580,000. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi) ya 4GB iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na hifadhi ya 64GB ya aina ya eMMC, ambayo kwa tabia iko karibu zaidi na kadi ya kumbukumbu ya simu kuliko diski ya kompyuta. Kwa barua, kwa barua pepe na kwa kutazama video ya mapishi, ilitosha kabisa. Kwa The Sims 4 ilikuwa ni mateso, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu sababu zenyewe ndizo zilizonifundisha namna ya kuchagua ya pili.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, ni mchezo wa kuigiza maisha. Unaumba watu, unawajengea nyumba, unawatafutia kazi, wanakula, wanalala, wanaoga, wanagombana, wanaoana, wanazeeka na kufa. Hakuna adui wa kumpiga risasi wala mstari wa kumalizia mbio. Mfululizo huu ulianza mwaka 2000, ukiwa umebuniwa na Will Wright katika studio ya Maxis, na wazo lake linahusishwa na moto mkubwa wa mwaka 1991 huko Oakland, Marekani, ulioteketeza nyumba yake na kumfanya afikiri upya mtu anahitaji vitu gani hasa ili maisha yaendelee. Toleo la nne lilitoka mwaka 2014, na tangu Oktoba 2022 mchezo wa msingi hutolewa bure, jambo ambalo ndilo lililomwezesha binti wa kaka yangu kuniletea ugonjwa huu nyumbani wakati wa likizo.

Ubure huo, pamoja na michoro yake inayofanana na katuni, humfanya mtu adhani kwamba mashine yoyote itaumudu. Hata maelezo rasmi ya mtengenezaji yanachangia dhana hiyo, maana kiwango cha chini cha RAM kinachotajwa ni 4GB, na kinachopendekezwa ni 8GB. Mimi niliona 4GB kwenye boksi, nikaona 4GB kwenye maelezo, nikajiambia tumemaliza. Sikufikiri kwamba Windows yenyewe nayo inakaa ndani ya hizo 4GB, pamoja na kinga ya virusi, pamoja na programu ya duka la mchezo ambayo lazima iwe wazi, na kwamba mashine isiyo na kadi yake ya michoro hukata tena sehemu ya RAM hiyo hiyo ili kupata mahali pa kuchorea picha. Ni sawa na kumwambia mgeni kwamba nyumba ina vyumba vinne bila kumtajia kwamba vitatu vina wapangaji.

Kuna jioni moja ambayo sijaisahau. Mhusika wangu, mama mmoja niliyempa jina la bibi yangu mzaa baba, alikuwa anapika, na kwa kuwa ujuzi wake wa upishi ulikuwa bado mdogo, jiko likashika moto. Nilibofya moto, nikachagua auzime. Alama ya amri ikatokea pale chini kwenye kona, ikatulia. Picha ikasogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena, kama koasta inayopanda mlima ikiwa na gia isiyoingia vizuri, na kila iliposogea moto ulikuwa umeongezeka ilhali bibi yangu yuko vilevile, mikono juu, anapiga kelele. Amri yangu ilipotekelezwa alikuwa tayari anaungua. Binti, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na sahani yake ya ndizi, akasema kwa upole, "Pole shangazi. Lakini hii mashine haina kitu."

Alikuwa na haki, ila "haina kitu" si maelezo, na mimi kwa kazi yangu napenda kujua pengo liko kwenye safu ipi. Nilitumia wiki kadhaa kusoma na kuuliza, na nilichoelewa kinapingana na mazoea ya maduka yetu, ambako mteja akitaja gemu hupelekwa moja kwa moja kwenye mashine yenye taa nyekundu chini ya kibodi.

The Sims 4 haiegemei sana kwenye kadi ya michoro. Inaegemea kwenye prosesa na RAM. Katika michezo ya mbio za magari au ya vita, kazi nzito ni kuchora picha, lakini hapa kazi nzito ni kufikiri kwa niaba ya watu wengi kwa wakati mmoja. Familia moja inaweza kuwa na watu wanane, na kila mmoja ana njaa yake, usingizi wake, haja yake ya choo, hisia zake na kumbukumbu ya nani alimtukana juzi. Ongeza majirani waliokuja kusalimia na wapita njia, na prosesa inapaswa kuamua kila mara nani afanye nini na apite njia ipi kati ya viti na meza. Ndiyo maana mashine dhaifu haiharibu sura ya picha, bali huharibu muda: saa ya mchezo inasimama, wahusika wanaduwaa, amri zinapanga foleni. Ukikimbiza muda kwa kasi ya tatu wakati wamelala ndipo udhaifu unapojitokeza zaidi, na hapo prosesa ya viini viwili kama N4020, yaani yenye sehemu mbili tu za kufikiria kwa wakati mmoja, haina pa kujificha.

Kwa hiyo nikaandika kwenye daftari mambo ambayo sitayaachia: prosesa yenye viini vinne, RAM ya 8GB yenye nafasi ya kuongezwa, na diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Bajeti ilikuwa shilingi 700,000. Ile mashine ya fedha nikamuuzia mwalimu mmoja wa jirani kwa 380,000, anachapia mitihani na anaisifia mpaka leo. Hasara ya shilingi laki mbili niliibeba mwenyewe, bila risiti.

Kwa 700,000 huwezi kupata mpya yenye sifa hizo, na sidhani kama kuna haja ya kulazimisha. Soko lililo la maana kwa bei hiyo ni la mashine za kiofisi zilizotumika Ulaya au Uarabuni, zinazoingia kwa makontena, ambazo makampuni ya huko hubadilisha baada ya miaka mitatu au minne. Majina yake kila mwenye duka anayajua kwa kichwa: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Zina bawaba imara, hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vipo. Binti anasoma Arusha, na kwa kuwa maduka ya aina hiyo ni mengi zaidi kule katika Barabara ya Sokoine na mitaa inayoizunguka, Jumamosi moja nikapanda koasta stendi, kilomita themanini hivi, na tukakutana karibu na Mnara wa Saa.

Duka la kwanza walinionyesha EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya Core i7. Kijana akaniambia, "Mama, hii ni i7, hapo umemaliza matatizo." (Moshi nilikuwa dada; kilomita themanini baadaye nimekuwa mama. Sikutaka kuuliza kilichotokea njiani.) Hapa ndipo wengi wanapopigwa, na si lazima muuzaji awe na nia mbaya, kwa kuwa wengine wanaamini wanachokisema. Tarakimu inayofuata i5 au i7 ina uzito kuliko hiyo i5 au i7 yenyewe. Prosesa ya mashine ile ilikuwa i7-6600U, maana yake kizazi cha sita, na katika familia hiyo ya prosesa zenye herufi U hata i7 ya kizazi cha sita au cha saba ina viini viwili tu. Kuanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017, i5 ya kawaida kabisa kama i5-8250U ina viini vinne na nyuzi nane, maana kila kiini hushika kazi mbili kwa pamoja. Kwa mchezo huu, i5 ya kizazi cha nane inaiacha i7 ya kizazi cha sita mbali, na hiyo i7 walikuwa wanaitaka kwa 520,000.

Kizazi cha nane kina faida ya pili. Windows 11 rasmi inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho kwenda mbele, isipokuwa chache sana, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anaweza kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, na wengi wanafanya hivyo, lakini mimi sipendi kununua kitu ambacho siku yake ya kwanza mkononi mwangu kinahitaji ujanja. Kwa wapenzi wa AMD, Ryzen 5 3500U nayo ina viini vinne, inakubaliwa na Windows 11, na michoro yake iliyojengwa ndani ina nguvu kuliko ile ya Intel ya wakati huo. Tatizo ni kwamba katika maduka tuliyopita tuliikuta moja tu, na skrini yake ilikuwa na ufa kwenye kona.

Binti aliingiwa na wasiwasi ambao naona ni vizuri niutaje, kwa kuwa hata mimi uliwahi kunisumbua. Maelezo rasmi ya mchezo yanataja kama kiwango cha chini prosesa ya Core i3-3220 yenye kasi ya 3.3 GHz. Kwenye i5-8250U imeandikwa 1.6 GHz. "Shangazi, si hii ni nusu ya ile?" Si nusu. Ile i3 ni ya kompyuta ya mezani ya mwaka 2012 na haipandi zaidi ya kasi hiyo. Hii ya kizazi cha nane imeandikwa kasi yake ya msingi, na ikipewa kazi hupanda hadi 3.4 GHz, ikiwa na viini mara mbili na muundo mpya zaidi unaofanya mengi kwa kila mzunguko. Namba ya GHz pekee haiwezi kulinganisha prosesa za vizazi tofauti.

Duka la pili ndipo tulipooneshwa zile zenye taa nyekundu. Zilikuwa nzuri, siwezi kukataa, na bei ya iliyo nafuu kuliko zote ilikuwa mara mbili ya bajeti yangu. Kama mchezo unaoutaka ni inZOI, ule wa Korea Kusini ulioanza kuuzwa mwezi Machi 2025, basi huna njia ya mkato, kwa sababu wenyewe wanataja kadi ya michoro ya RTX 2060 na RAM ya 12GB kama kiwango cha chini. Kwa The Sims 4 ni kununua lori la kubebea ndoo mbili za maji, na feni zake hizo zinavuma sebuleni kama mashine ya kukoboa.

Katika duka la tatu nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu Moshi: kabla ya kuulizwa, nilisema naitaka kwa The Sims. Hakuna aliyecheka. Muuzaji, mtu wa makamo aliyekuwa anakunywa chai, akaweka kikombe pembeni, akauliza kama ninatumia vifurushi vya nyongeza au mchezo mtupu, kisha akatoa mashine tatu na kuzipanga mbele yangu: ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5. Zote za kizazi cha nane, zote i5, na zote zina nafasi mbili za RAM zinazofunguka. Hilo la nafasi mbili nitalirudia baadaye.

Latitude iliondoka mapema. Padi yake ya kugusa ilikuwa imeinuka upande mmoja na kitufe hakibonyei vizuri, dalili ya betri iliyovimba chini yake, na betri iliyovimba si jambo la kupunguziwa bei, ni jambo la kuondoka nalo mbali. ThinkPad niliipenda sana, maana T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, jambo la faraja kwa mtu anayejua umeme unavyoweza kukatika saa mbili usiku kabla hujahifadhi mchezo. Lakini ile iliyokuwepo ilikuwa na skrini ya 1366 kwa 768, ambayo kwa mchezo wenye paneli nyingi namna hii ni kama kupanga nyumba ukichungulia kupitia tundu la ufunguo, na rangi zake zilififia ukiitazama kwa upande. EliteBook ilikuwa na 1920 kwa 1080. Kama ThinkPad ile ingekuwa na skrini hiyo, leo ningekuwa naandika haya kwenye ThinkPad.

Ukaguzi tuliufanya pale pale kwenye kaunta, na muuzaji hakuona vibaya. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Windows hufungua dirisha ambalo ndani yake, kwenye sehemu ya utendaji, utasoma jina kamili la prosesa, na kwenye sehemu ya kumbukumbu utaona ni nafasi ngapi za RAM zimetumika. Yetu ilisema 1 kati ya 2. Kisha binti akafungua kisanduku cheusi cha amri na kuandika powercfg /batteryreport, nayo mashine ikatengeneza ripoti yenye namba mbili za kulinganisha, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ya kwetu ilibakiza kama theluthi mbili. Nikaiwasha na kuizima mara tatu kuhakikisha haidai nenosiri la kampuni fulani ya Ulaya kabla ya Windows kuanza, kwa kuwa mashine ya namna hiyo ni ya mtu mwingine hata ukiwa umeilipia. Nikaiacha inacheza video ya skrini nzima dakika ishirini, chaja ikiwa imechomekwa, huku nimeweka kiganja mahali feni inapotolea hewa: hewa inatoka, ya moto, bila mkwaruzo.

Kasoro ilikuwa moja. Mashine ilitokea Ujerumani, na kwenye kibodi za huko herufi Y na Z zimebadilishana mahali. Windows ilikuwa imepangwa kwa mpangilio tuliouzoea, lakini maandishi juu ya vitufe yalibaki ya Kijerumani, kwa hiyo mtu anayeandika huku akitazama vidole anaandika "kayi nyuri" akidhani ameandika kazi nzuri. Hilo linaonekana mara moja. La hatari ni "kalamu yangu" kugeuka "kalamu zangu", maana hapo sentensi inabaki Kiswahili safi na idadi ndiyo iliyobadilika. Muuzaji alikuwa na stika za vitufe, akanipa bure, na kwa kasoro hiyo nikapata mashine kwa shilingi 680,000 kutoka 730,000, ikiwa na RAM ya 8GB, SSD ya 256GB, risiti, na dhamana ya miezi mitatu iliyoandikwa kwenye karatasi, si ya mdomo.

Sasa zile nafasi mbili. Siku hiyo hiyo nilinunua kipande cha pili cha RAM cha 8GB, cha aina ya DDR4, kwa shilingi 70,000, na fundi akakiweka mbele yangu kwa dakika kumi. Nikawa nimevuka bajeti kwa elfu hamsini, na kama ningelazimika kurudisha kitu kimoja dukani nisingekirudisha hiki. Sababu ya kwanza ni wingi, kwani kutoka 8GB kwenda 16GB kunauachia mchezo nafasi ya kupumua hata ukiwa umeacha kivinjari wazi. Sababu ya pili haizungumzwi sana: michoro iliyojengwa ndani ya prosesa, hiyo UHD 620, haina kumbukumbu yake, inakopa RAM, na vipande viwili vikifanya kazi sambamba njia ya kupitishia data inakuwa pana mara mbili. Baadaye nilikichomoa cha pili, nikacheza siku mbili na kipande kimoja, kisha nikakirudisha mahali pake, kwa udadisi tu. Katika nyumba ile ile, kamera ilipozunguka sebule yenye watu sita, tofauti niliiona kwa macho bila kuhitaji kipimo. Kwa hiyo ninayemshauri humwambia aepuke mashine nyembamba ambazo RAM yake imeunganishwa kwenye bodi, hata iwe na sura ya kuvutia namna gani, kwa sababu kile ulichokinunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho.

Kuupakua mchezo ni gharama ambayo watu husahau kuiweka kwenye hesabu. Ni makumi ya GB, na ukitegemea vifurushi vya simu utalipa fedha ambayo ingekununulia kipanya kizuri na ikabaki. Mimi niliipeleka mashine kwa kaka yangu, ambaye ana faiba nyumbani, nikaiacha usiku kucha, nikaifuata asubuhi na mkungu wa ndizi wa shukrani. Baada ya kuingia kwenye akaunti kwa mara ya kwanza unaweza kucheza bila intaneti. Na kipanya ni lazima, chenye gurudumu linalobonyeka, kwa kuwa ndilo linalozungushia kamera. Kujenga paa kwa padi ya kugusa ni adhabu.

Kwenye mipangilio, niliweka michoro kiwango cha kati, na nikawasha chaguo ambalo mchezo wenyewe umeliandaa kwa kompyuta mpakato, linalopunguza baadhi ya mapambo ya picha. Nikaweka pia ukomo wa fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazochorwa kila sekunde. Anayetoka kwenye michezo ya mpira atacheka hiyo 30, lakini hapa hakuna anayekimbia, na faida yake ni joto. Moshi ya Februari si mahali pa kuichosha feni bila sababu. Mwezi wa pili baada ya kununua, mashine ilianza kuvuma na kupunguza kasi kila ilipofika saa ya pili ya kucheza, nami nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Double Road. Alipofungua kifuniko, alitoa kwenye mapezi ya kupozea kitu kilichofanana na kipande cha blanketi, vumbi la Ulaya na la kwetu limeshikana, na ile dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Akasafisha, akapaka mpya, akachukua shilingi 20,000. Anayenunua mashine iliyotumika aiweke hiyo elfu ishirini kwenye bei tangu mwanzo, asisubiri kelele.

Ubaki na akiba pia kwa sababu mchezo ni bure lakini vifurushi vyake si bure. Kimoja kikubwa kikiwa kwa bei yake kamili ni karibu dola 40, na vipo vingi. Ukitaka vyote, bei ya kompyuta yangu pamoja na RAM na fundi itakuwa kama malipo ya awali. Mimi ninavyo viwili, vyote nilivisubiri vipunguzwe bei. Kila kimoja hula nafasi kwenye diski na kuongeza kidogo muda wa kufunguka, na vitu vya bure vinavyotengenezwa na wachezaji, nywele, makochi, vitenge, hula zaidi ya vifurushi vyenyewe ikiwa nyumbani una binti wa kidato cha sita aliyemaliza mitihani. Jana SSD ilinionyesha mstari mwekundu. Fundi ana ya 512GB, anaitaka kwa 95,000, na ameahidi kunihamishia kila kitu kama kilivyo, akiwemo bibi, ambaye kwenye mashine hii amefikisha uzee bila kuungua.